Msukule wa Talatala na Kurasa Zilizoshonwa

Nimepona. Naanza na hilo ili wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu, umejifunika khanga mpaka puani na jirani yako amesogea mwisho kabisa wa benchi, usije ukasoma kwa wasiwasi wa kujua kama mwandishi anakufa. Hafi. Ana kilo zake zote na za ziada, na jana amekula ubwabwa na samaki mbasa wa kukaanga mpaka akalegeza mkanda.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipougua. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Mbugani, mjini kwetu, yalipoanza kujaa vitu ambavyo utotoni mwetu tulivisikia tu: sabuni za rangi tatu, redio za kaseti, mitumba milima kwa milima. Shangazi yangu Bupe alikuwa na kibanda pale pale Mbugani. Alipeleka mchele Malawi na kurudi na sabuni na vitenge. Kikohozi kiliponizidi, mama alinitoa kwetu Talatala akanipeleka kwake, kwa sababu sindano ilitakiwa kila asubuhi kwa miezi miwili na kutoka kijijini nisingeweza.

Basi nilihesabu miezi ile kwa makalio. Leo kushoto, kesho kulia. Gauni langu la shule nililikunja mara mbili kiunoni na bado likazunguka. Mkojo uligeuka rangi ya soda ya machungwa, na ingawa nesi alinionya kwamba ni vidonge tu, siku ya kwanza nilipiga ukelele mpaka mama wa nyumba ya pili akaja na mwiko mkononi. Masikio yalivuma. Sauti nayo ikaondoka kwa kukohoa, ikabaki mkwaruzo kama wa mlango usiotiwa mafuta.

Siku ya tatu niligoma kwenda. Nilishika mguu wa kitanda nikasema nife tu. Shangazi hakubishana. Aliingia kwenye sanduku lake la sabuni akatoa vitabu viwili vyembamba, vimechakaa, vimeshonwa kwa uzi mweusi.

"Ni vya yule mtu wako," alisema. "Sindano kwanza."

Yule mtu wangu! Niwaeleze. Shuleni tulikuwa na mwandishi mmoja wa hadithi za kutisha tuliyempenda kuliko walimu wote. Jina lake halisi hatukulijua, vitabuni alitumia la kubuni, sisi tulimwita Bwana Kutisha. Vitabu vyake vilipita dawati kwa dawati vikiwa ndani ya daftari la hesabu. Wahusika wake walikuwa watoto wa umri wetu, wenye njaa kama sisi, waliochapwa kama sisi, ila wao usiku waliwafukuza wafu. Hakuwa na maneno makubwa. Alikuwa anakuambia tu kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, halafu anakuambia kwamba mlango uko wazi, na wewe mwenyewe unasisimka mpaka kisogoni.

Vitabu vile viwili nilikuwa nimekwisha kuvisoma. Nilivisoma tena benchini, nikavisoma tena. Nesi wa sindano, mama mnene mwenye vidole baridi, akawa ananiuliza, "Enhe, wamefika wapi wale?" Nikianza tu kumweleza, sindano imeshaingia na kutoka. Mpaka leo sijui kama alipenda hadithi au alikuwa mjanja. Nadhani yote mawili.

Asubuhi ya sindano ya mwisho mambo mawili yalitokea. La kwanza, makohozi yangu yalipimwa yakaonekana safi. Nesi akaniambia sasa siambukizi mtu, ila nimebakiza miezi sita ya vidonge vya nyumbani, na nikiacha katikati ugonjwa utarudi ukiwa mkali zaidi. Nikamwambia nyayo zangu zinawaka moto, na vidole vya miguu vimekufa ganzi mpaka natembea kwa kuburuta. Akasema kimojawapo cha vidonge ndicho kinacholeta hayo, na dawa yake ni vitamini, lakini vitamini zimekwisha stoo.

"Kwenu si mnalima mpunga?" aliuliza. "Mwambie mama aende mashineni, achukue ile pumba laini, aichekeche vizuri, aikaange kidogo, akuwekee vijiko viwili kwenye uji kila siku mpaka vitamini zije."

La pili, shangazi alinisubiri nje ya geti na kitabu kipya. Kipya kabisa, kinanuka wino! Alikinunua stendi kwa yule muuza kalenda na betri. Kiliitwa Waliorudi Kuvuna, na mgongoni palikuwa na lile jina la kubuni la Bwana Kutisha. Nililia barabarani, mtu mzima wa miaka kumi na sita, na mikungu ya ndizi ikipita kwenye baiskeli.

Kitabu kilihusu misukule. Binti mmoja anaitwa Zena amemzika kaka yake Musa, na baada ya mavuno mawili anamwona kwenye shamba la mkonge la tajiri mmoja, anakata majani bila kupepesa macho. Wako wengi mle shambani, safu kwa safu, wamelishwa pumba, wamenyang'anywa sauti, wanatembea kwa kuburuta miguu. Kumbuka hayo matatu: pumba, sauti, miguu. Mimi sikuyakumbuka. Nilikuwa nimefurahi mno.

Nilirudi Talatala mwanzo wa mvua kubwa. Kwetu tulikuwa mimi na mama, na baba alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo mwenye kauli juu yetu alikuwa baba mdogo Andwele. Aliponiona ninavyotembea alinuna.

"Alikwenda anakohoa, amerudi kilema," alimwambia mama. "Hayo madawa ndiyo yanayomla. Kuna mzee ng'ambo ya mto Songwe anayeyajua mambo haya. Jumamosi navuka na mtoto."

"Nesi amesema asiache," alisema mama.

"Nesi ndiye aliyemzaa?"

Usiku nilimsikia mama anajigeuza kitandani. Hakuwa na uhakika, na simlaumu, maana mtoto wake alikuwa mifupa yenye macho. Lakini asubuhi alikwenda mashineni akarudi na pumba.

Sasa sikia. Alhamisi hiyo, mchana, mvua imekatika, nimekaa kibarazani na bakuli la uji wangu. Mama alikuwa amechoka kunichanganyia, akaniachia na pumba yenyewe kwenye kibakuli kingine nijitilie. Nami, kwa kuwa Zena alikuwa amejipaka pumba ili apite katikati ya misukule bila kutambuliwa, nilikuwa nimejitia kiganja kizima mdomoni ili nijue Musa alikuwa anaonja nini. Kusoma kwa kweli ndiko huko. Wakati huo huo Mama Lusajo, jirani yetu, akatokea migombani kuja kuazima ungo.

"Ugonile, gwe mwana," alisalimia.

Nikafungua mdomo nimwitikie. Mdomo umejaa pumba kavu, na koo halikuwa na sauti tangu mwanzo. Ulitoka mkoromo. Nikainuka kwa heshima nimpokee, nikaburuta miguu.

Mama Lusajo hakuazima ungo.

Kufikia saa tisa uani kwetu palikuwa pamejaa. Mbele alikuwa mumewe, Baba Lusajo, balozi wa nyumba kumi, mzee mrefu mwenye koti la mvua hata kukiwa na jua. Baba mdogo Andwele alikuja nyuma akihema. Habari zilikuwa zimetangulia: yule binti alikufa hospitali, wamemgeuza, mama yake anamlisha pumba mchana kweupe.

"Nilisema!" baba mdogo alipaza sauti. "Hata Jumamosi haitafika. Leo hii hii tunavuka Songwe, na hayo makopo yatupwe mtoni."

Mama alikumbatia kopo la vidonge kifuani. Sikuwa nimepata kumwona mama yangu akimkatalia shemeji yake mbele za watu, lakini siku hiyo alitikisa kichwa tu, akitikisa na kutikisa, na kopo nalo likawa linalia vidonge ndani.

Baba Lusajo aliinua mkono watu wanyamaze. Akanijia mpaka hatua kama nne hivi, si zaidi.

"Wewe ni nani?" aliuliza. "Taja jina lako na la baba yako."

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Kwa hofu hata ule mkwaruzo ulikimbia. Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mama Lusajo akamwita Mungu, "Gwe Kyala! Mnaona?"

Mkononi nilikuwa na kitabu, kidole changu bado kimeshika ukurasa. Sikuwa na mpango wowote. Niliinamisha macho kwa aibu, macho yakaangukia maandishi, na maandishi ya Bwana Kutisha yana tabia hiyo ya kukuvuta. Nikaanza kusoma. Sauti ya kusema jina langu haikuwepo, lakini sauti ya Zena ilikuwepo, nyembamba, inakwaruza. Nikasoma pale anapojilaza kati ya safu za mkonge, na misukule inapita juu yake mmoja mmoja, na wa kumi anasimama.

Nikageuza ukurasa.

"Huyo wa kumi ndiye kaka yake?" aliuliza mtu.

"Mwacheni asome," alisema Baba Lusajo.

Nikasoma mpaka koo likawaka. Nilipoinua macho, wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo ya kuni upande wao, wanawake wamekaa chini upande wao, na Mama Lusajo alikuwa amekalia ule ungo wetu aliokuja kuazima. Nikafunga kitabu nikapangusa jasho. Balozi akasimama, akakung'uta koti.

"Nimeishi miaka mingi," alisema, "na habari za misukule nimezisikia tangu mdogo. Msukule anayesoma sijamsikia. Huyu ni mtoto wa hapa, na ni mzima. Anaumwa tu."

"Na pumba?" mtu alidai.

Mama akapata ulimi. Aliwaeleza yote, nesi na vitamini na stoo. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, mimi pia nikacheka, na kicheko kikanitoa machozi na kikohozi kwa pamoja. Baba mdogo ndiye hakucheka. Alikuna kidevu.

"Hiyo dawa anaimeza saa ngapi?" alimuuliza mama.

"Mchana, baada ya chakula."

"Basi kesho nitakuja hapo mchana nione anaimeza." Akakitupia jicho kitabu. "Halafu asome pale alipoachia."

Songwe hatukuvuka.

Ndivyo nilivyopata wasimamizi wa dawa kabla hospitali hazijaanza kutafuta watu wa namna hiyo. Baba Lusajo aliweka sheria: kitabu ni cha wote, kikae kwa mama, na nikisoma mbele peke yangu nimewaibia. Mama asiyejua kusoma alikipokea kama aliyekabidhiwa mahari. Kila mchana nilisimama kibarazani na kikombe cha maji, na watu wazima wenye majembe yao wananitazama kooni.

"Meza, mwanangu, Musa anatungoja!"

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, soma."

Siku nyingine ulikuwa ukurasa mmoja, siku nyingine hakuna, kwa kuwa ni palizi na watu wako majarubani. Kurasa nyingine nilirudia mara tatu kwa ajili ya aliyekosa. Wakati mito imefurika, walikuja wamekunja suruali mpaka mapajani. Na raha yake, ndugu msomaji, ilikuwa tofauti na raha ya shuleni. Nilipokuwa nasoma peke yangu nilitisha mtu mmoja. Sasa natua kidogo kabla ya neno, namtazama baba mdogo Andwele, mtu mzima, amejishika magoti, na ninajua ninachoenda kumfanya.

Shida ilikuwa Tusa. Tusa alikuwa mke wa Lusajo, mgeni kijijini, ameolewa mwaka uliopita. Kwa mila yetu mkwe wa kike hamwangalii baba mkwe wake. Wakikaribia kukutana njiani, binti anaingia vichakani. Familia nyingi zilikuwa zimelegeza, lakini nyumba ya balozi haikulegeza kitu. Kwa hiyo Baba Lusajo akikaa uani, Tusa alikaa nyuma ya jiko letu, amegeukia migomba, na hasikii. Siku ya kwanza aliniita pembeni baadaye.

"Dada, mimi nimepata nusu nusu tu. Ongeza sauti, tafadhali. Yule wa kumi alifanya nini?"

Nikaongeza. Mara ya kwanza koo liligoma. Nikalazimisha kila siku kidogo, sauti ifike ukuta wa jiko, kisha ipite ukuta. Tusa alikuwa na dalili yake: likimfikia jambo la kutisha alipiga sufuria ngumi moja. Nisiposikia sufuria, narudia kwa nguvu. Mpunga ulipochanua nilikuwa nasikika mpaka barabarani. Wanaosema sauti yangu ya leo inafaa kwaya wamshukuru Tusa na sufuria.

Vitamini nazo zilikuja. Miguu ilipoa, pumba wakarudishiwa kuku.

Wakati wa mavuno nikaharibu. Nilikuwa nimenona. Mashavu yamerudi, nywele zimerudi, nabeba gunia na wenzangu. Vidonge vikawa kero, vinanuka, vinanichafua tumbo. Nikajifunza kuficha kidonge juu kwenye ufizi, nasoma nacho, halafu nakitema migombani. Nilifanya hivyo siku nne. Kwa nini nimeze dawa na mimi ni mzima? Wewe unayesoma hapa utafika siku hiyo. Ndiyo siku ya hatari kuliko zile za kukohoa.

Mama aliviona akipalilia shina la mgomba, vinne, vimelowa. Hakunipiga. Aliingia ndani, akatoka na kitabu. Zilikuwa zimebaki sura mbili. Mbele ya macho yangu akazichana.

"Mama!"

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Kwa hiyo mimi pekee ndiye ninayeweza kuzitunza." Akaingiza kurasa ndani ya mto wake wa kulalia, akaushona kwa sindano kubwa ya magunia. "Siku utakayomeza cha mwisho nitafumua. Ukiacha, nitazikwa nao."

Kesho yake alinipeleka kliniki, nikakiri, nesi akanisema mpaka basi, na akaongeza siku kwenye kadi. Lakini nesi hakuwa kitu mbele ya kijiji. Mchana ule niliposema mwisho umeshonwa, na kwa nini umeshonwa, hakuna aliyeniaga. Mama Lusajo alinitazama vibaya kuliko alivyonitazama nilipokuwa msukule.

"Umetufungia mlango, gwe mwana," alisema.

Tokea hapo nilikaguliwa mdomo kama ng'ombe mnadani. Tulianza kitabu upya toka ukurasa wa kwanza, kwa kuwa hakukuwa na kingine, na kila mtu alikuwa na ubashiri wake wa mwisho utakavyokuwa. Baba mdogo aliapa kwamba Musa hatapona. Baba Lusajo alisema tajiri ndiye msukule mkuu. Tusa, nyuma ya jiko, hakusema. Alipiga sufuria tu.

Kidonge cha mwisho nilikimeza Jumapili baada ya ibada, msimu wa upepo, mawingu ya kungu, wale wadudu wadogo, yakionekana ziwani kama moshi. Watu walikuja na mavazi ya kanisani. Mama alitoka na mto, akaufumua uzi kwa uzi bila haraka hata kidogo, mpaka watu wakamlilia. Kurasa zilikuwa zimejaa sufi na matundu.

Nikasoma. Zena amemfuata Musa mpaka kwenye ghala. Safu zote zimemgeukia. Watu walianza kupiga kelele, wengine wanamwambia Zena akimbie, na kutoka nyuma ya jiko nikasikia Tusa anaita, kwa mara ya kwanza mbele ya mkwe wake, "Sisikii! Jamani, mimi sisikii!"

Wanawake wakajifunika midomo kwa khanga. Baba Lusajo alikaa kama anatafuna jambo. Kisha akavua koti lake la mvua, akalifunika kichwani mpaka magotini, akageukia ukuta.

"Mwambieni aje mbele," alisema toka ndani ya koti. "Mimi sipo."

Tusa alikuja akijikunja, akakaa karibu na miguu yangu. Nami nikasoma mwisho, mbele ya kijiji kizima na koti moja lisilo na kichwa. Zena hana silaha. Anamkumbusha kaka yake siku walipoiba embe la mwalimu na mwalimu akateleza, na Musa, kwenye ghala lile, mdomo wake unaanza kutikisika. Anacheka. Msukule hawezi kucheka. Mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu, ghala zima linacheka.

Lile koti lilikuwa linatetemeka. Hatukujua kama mzee analia au anacheka, na hakuna aliyethubutu kulifunua.

"Ndaga fijo," lilisema mwishowe. Asante sana.

Mavuno mawili yalipita. Siku moja nilikuwa napepeta mchele nikamwona Tusa anakuja, baada ya miezi miwili ya kutoonekana kijijini, amekaza khanga kiunoni. Kabla hajakaa alikohoa, na nikakijua kikohozi kile kabla hakijaisha. Alitoa kadi ya kliniki, upande wa sindano umejaa wote.

"Nimemaliza sindano," alisema. "Makohozi ni safi. Imebaki miezi sita, na nesi anasema ndiyo migumu."

Nikamshika mkono. Nikaingia ndani nikamletea kitabu, kurasa zake za mwisho zimerudishwa kwa uzi wa magunia. Hakukipokea. Alikuwa anamtazama mama yangu, aliyekuwa jikoni.

"Mama," aliita, "chana zile sura mbili, uzishone tena."

"Lakini wewe mwisho unaujua," nilimwambia. "Ulikaa hapa miguuni pangu."

"Nimeshausahau," alisema Tusa, na akaenda kuleta sindano mwenyewe.